Nadharia za Jamii na Madrasa ya Mpakani (2): Nani Anataja Bei ya Elimu?

Mtu anayevuka mpaka wa Uganda na Kenya pale Busia akiwa na shilingi za Uganda mfukoni hahitaji profesa wa kumweleza kwamba thamani ya noti haimo kwenye karatasi. Kando ya barabara wamekaa wabadilishaji fedha na vibunda vyao, na bei ya leo wanaitaja wao. Noti ni ile ile iliyonunua sukari Masafu asubuhi; waliobadilika ni watu wa kuipokea. Katika sehemu ya kwanza tulisema kwamba nadharia ya jamii ni jaribio la kueleza kwa utaratibu mambo ambayo watu huyafanya pamoja bila kuyakalia kikao. Leo tuingie nayo madrasani, na tuanze na swali la mbadilishaji fedha: elimu anayoipata mtoto wa Kiislamu huku kwetu Masafu, Busia na Tororo, nani anataja bei yake?

Tuchukue jambo moja dogo tulitazame kwa karibu. Kijana aliyefika Thanawi, yaani ngazi ya sekondari ya madrasa, amefundishwa mirathi. Mpe mas-ala haya: mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumni (moja ya nane), mabinti wana theluthi mbili, baba ana sudusi (moja ya sita) na mama ana sudusi. Kijana atatafuta kigawe kidogo cha shirika, atapata 24: mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Akijumlisha anakuta 27. Mafungu yamezidi mali. Hapo ataleta hukumu ya aul, mali igawanywe kwa 27 badala ya 24, kila mrithi apunguziwe kwa uwiano ule ule, na ile moja ya nane ya mke iwe moja ya tisa. Hizo ni sehemu, ni vigawe, ni uwiano. Hesabu ambazo watahiniwa wengi wa darasa la saba hutokwa jasho wakizifanya. Lakini kijana huyo akienda kuomba nafasi ya mafunzo ya ualimu, au ukarani kwenye kampuni ya kutoa mizigo forodhani, ataulizwa cheti cha baraza la mitihani, UNEB la Uganda au KNEC la Kenya. Kama hana, ataandikwa kuwa hakusoma hesabu.

Pierre Bourdieu, Mfaransa aliyeanza utafiti wake miongoni mwa Waislamu wa Kabylia huko Algeria wakati wa vita vya ukombozi, alilipa jambo hili jina. Elimu, lugha na adabu, alisema, ni mtaji kama ulivyo mtaji wa fedha, ila hufanya kazi pale tu panapotambuliwa, na mwenye neno la mwisho juu ya utambuzi huo ni dola pamoja na shule zake. Mwaka 1970 yeye na Jean-Claude Passeron walieleza jinsi shule za Ufaransa zilivyowapokea watoto waliokwisha kulelewa katika lugha na mazoea ya nyumba za wasomi, zikawapima kwa lugha na mazoea hayo hayo, kisha zikatangaza kwamba watoto hao wana vipaji. Mtoto wa mkulima aliyeshindwa alisadiki mwenyewe kwamba ni mzito wa kichwa. Hilo la kusadiki ndilo linalouma. Mzazi anaposema kwamba huyu kichwa chake hakishiki masomo, heri apelekwe madrasa, hakusudii kuitukana dini. Anarudia bei aliyoikuta sokoni.

Na bei hiyo ina tarehe zake. Uislamu uliingia Buganda katika zama za Kabaka Suuna, na kumbukumbu za kawaida huutaja mwaka 1844. Wamisionari wa Kiprotestanti walifika 1877 na Wakatoliki 1879. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini maandishi yaliyofundishwa katika nchi ile yalikuwa ya Kiarabu. Upande wetu wa mashariki njia ya misafara ilipita Mumias, ambako Nabongo Mumia mwenyewe alisilimu. Msomi wa siku hizo alikuwa mtu wa msahafu. Kilichopindua mambo ni mpango wa utawala: serikali ya kikoloni iliwaachia wamisionari shule, idara ya elimu ya Uganda ikaja kuundwa mwaka 1925 tu, na hata baada ya hapo ruzuku iliendelea kwenda kwenye shule za misheni. Mzazi Mwislamu aliwekwa mahali pagumu. Ampeleke mtoto akijua kwamba huenda akarudi na jina jingine, au ambakishe nyumbani na madrasa. Wengi walimbakisha, na kizazi kizima kikawa cha wachinjaji, madereva na wachuuzi. Chama cha elimu cha Waislamu wa Uganda, kilichoongozwa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, kilipojitahidi kujenga shule miaka ya 1940, vyeo vya serikali vilikuwa vimekwisha kupata wenyewe. Anayesema Waislamu hawakupenda shule amesoma matokeo akaruka sababu.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, nalo si la kupuuzwa: nadharia hizi ni za watu wasioamini, zitatufundisha nini kuhusu elimu ya wahyi? Ni kweli kwamba Émile Durkheim, katika kitabu chake cha 1912, alifika mahali pa kusema kuwa kinachoabudiwa na watu katika dini zao ni jamii yao yenyewe. Mwislamu analikataa hilo wala haombi radhi. Lakini daktari asiyeswali akimwambia imamu ana malaria, imamu hainywi dawa kwa ajili ya imani ya daktari. Anainywa kwa ajili ya malaria. Tena njia hii ya kufikiri tulikuwa nayo kabla yao. Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332, na Muqaddima yake aliiandika mwaka 1377, karibu miaka mia tano kabla ya Durkheim kuzaliwa.

Ndani ya Muqaddima mna mlango juu ya kuwafundisha watoto ambao kila maalimu angefaidika nao. Ibn Khaldun anasema watu wa Maghribi humfundisha mtoto Qur'ani peke yake mpaka aimudu; wa Andalusia huichanganya na mashairi, uandishi na sarufi; wa Ifrikia huiambatanisha na hadithi. Halafu anamtaja Kadhi Abu Bakr ibn al-Arabi, aliyependekeza mtoto aanze na lugha na mashairi, aende kwenye hesabu, ndipo aifikie Qur'ani akiwa na uwezo wa kuielewa. Ibn Khaldun anausifu mpango huo, kisha anaonyesha kwa nini haukufuatwa. Wazazi wanatafuta baraka, na zaidi ya hayo wanaogopa. Mtoto yumo mikononi mwao akiwa mdogo. Akibaleghe na kutoka chini ya himaya yao, dhoruba za ujana zinaweza kumchukua kabla hajapata hata juzuu moja. Hakuna aya wala hadithi aliyoileta kueleza kwa nini Qur'ani imetangulia katika ratiba. Ameeleza kwa umri wa mtoto, hofu ya mzazi na desturi ya mji. Hiyo ni nadharia ya jamii, na imeandikwa na kadhi wa madhehebu ya Malik. (Walimu wa bakora nao wausome ukurasa wa jirani, anapoeleza kwamba mtoto anayelelewa kwa ukali hujifunza uongo na hila ili aokoe mgongo wake.)

Neno analolitumia kwa elimu iliyokita ni malaka, ustadi unaokaa ndani ya mtu kwa kurudia rudia mpaka ukawa kama tabia yake. Bourdieu ana wazo linalokaribiana nalo, ila kwake tabia hiyo humwingia mtu kutoka katika hali ya nyumba na tabaka lake bila yeye kujua. Kwa Ibn Khaldun huingia hasa kwa mazoezi na mwalimu. Kwa madrasa naona Ibn Khaldun ana haki zaidi. Kilichojengwa kwa mazoezi kinaweza kujengwa popote, hata chini ya mwembe.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza. Elimu ya dini hutafutwa kwa ajili ya Allah, watasema, na kuipimia soko ni kuiharibu nia. Nia ya mwanafunzi na mwalimu hakuna aliyeigusa. Swali ni mtoto atakaa darasani hadi lini. Uganda ilipoanza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, na Kenya ilipofuta ada za msingi mwaka 2003, shule zilifurika, na ushindani ukahamia kwenye mitihani. Mtoto wa darasa la sita au la saba anatoka nyumbani kabla ya jua, anarudi jioni, na Jumamosi kuna masomo ya ziada. Madrasa imebakiwa na Jumapili. Hofu ya wazazi wa Ibn Khaldun ilikuwa dhoruba za ujana. Huku kwetu dhoruba ni mtihani wa taifa, tena unafika mapema kuliko balehe. Ikhlasi ya maalimu haiongezi siku katika wiki.

Wako waliojaribu kujibu kutoka juu. Mkutano wa dunia wa elimu ya Kiislamu ulifanyika Makka mwaka 1977, Ismail al-Faruqi akatoa mpango wake wa kuzisilimisha taaluma mwaka 1982, na mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kikafungua milango Mbale, mwendo mfupi kutoka Tororo. Chuo hicho ni neema kubwa kwa eneo hili. Hata hivyo mradi wa kusilimisha taaluma ulishughulika mno na vitabu vya profesa, na mtoto anayekariri Juzuu Amma Masafu hakumo ndani yake.

Jaribio lililoanzia chini lilikuwa la Mombasa. Mwaka 1986 Bi Swafiya Said, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, alianza kazi ya kuunganisha malezi ya shule ya awali na madrasa: mtoto anahesabu kwa makombe ya pwani na vifuu, anasikia hadithi za Kiswahili, anasoma sura zake, vyote chini ya paa moja na mikononi mwa walimu wa mtaa ule ule. Mpango ulienda Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwakuta watoto wa madrasa hizo wakiwazidi wenzao wa shule nyingine za awali katika vipimo vya akili. Wapo watakaopinga wakisema kwamba mseto huishia kuigeuza Qur'ani kuwa kipindi cha dakika arobaini kati ya vipindi vingine. Zanzibar inawapa ushahidi: wazazi walisita kupeleka watoto katika skuli za serikali ya kikoloni mpaka Qur'ani ilipotiwa katika ratiba, na serikali iliitia ili ijaze madarasa. Ila tofauti ya mifano hii miwili iko wazi. Kule dola iliichukua Qur'ani ikaitia katika nyumba yake. Mombasa madrasa ndiyo iliyokuwa na nyumba, hesabu ikaja kama mgeni. Mwenye nyumba ndiye anayetaja bei.

Mwezi Februari 2018 kilizinduliwa rasmi kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia. Lori lililokuwa likikaguliwa mara mbili sasa linasimama mara moja, maofisa wa nchi zote mbili wakiwa mahali pamoja. Mtoto wetu bado anasimama mara mbili, na kwenye kituo cha pili anaambiwa kwamba alichokibeba kutoka cha kwanza hakimo kwenye orodha ya bidhaa. Sehemu ya tatu itaweka maswali ya mirathi ya Thanawi kando ya maswali ya hesabu ya Senior Four, swali kwa swali, tuone ni mangapi yanayofanana.