Mzee akiingia pansioni, mwili wake unataka nini?

Ndugu mfanyakazi, siku moja utarudisha taa yako, kofia ngumu na kadi ya kazi, na asubuhi ya kesho yake sireni italia bila wewe. Wengi wanangojea siku hiyo kama sikukuu, na mwezi wa kwanza ni sikukuu kweli. Kisha usingizi unakataa, chakula hakina ladha, bibi anachoka, na mzee anafika dispensari kusema anaumwa mwili mzima, wakati sisi waganga hatuoni homa wala kidonda. Inafaa tuzungumze habari hii kabla ya siku ile, si nyuma yake.

Tuanze na usingizi. Mtu aliyefanya kazi ya zamu miaka 30, juma moja asubuhi, juma moja mchana, juma moja usiku, mwili wake umejifunza kulala mchana na kukesha usiku. Hauwezi kusahau kwa siku tatu. Amka saa ile ile kila siku, hata kama hakuna anayekuita. Toka nje upate mwanga wa asubuhi, maana ndio unaopanga tena saa ya mwili. Mchana usilale kupita nusu saa. Wala usitafute usingizi ndani ya chupa: lutuku inalaza mtu upesi, inamwamsha katikati ya usiku, na kesho yake tansioni imepanda.

Sasa vumbi. Hapa sikiliza vizuri, hasa wewe uliyetoboa miamba chini ya ardhi, kama kule Kipushi, au uliyesimama penye mashini ya kuvunja mawe. Watu wanafikiri: nimeacha kazi, basi vumbi limebaki kule. Sivyo! Vumbi laini la silika lililokaa ndani ya mapafu linaweza kuendelea kuyaharibu miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi. Ndiyo silikosi, na hakuna dawa ya kuiponya. Tena mwenye silikosi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko watu wengine, na hatari hiyo haiishi siku ya pansioni. Kwa hiyo ukikohoa majuma mawili au zaidi, ukitoka jasho usiku, ukikonda, usiseme «ni kikohozi cha mgodi, nimekizoea». Nenda wakupime makohozi. Kifua kikuu kinapona. Kwa kawaida dawa inamezwa miezi 6 bila kuruka siku. Na sigara, iache leo.

Kwa sababu hiyo hiyo, usitoke mikono mitupu. Omba nakala ya fishi yako ya afya, picha ya kifua ya mwisho na kipimo cha masikio. Nimeona wazee wanaobeba kwa furaha saa ya ukutani waliyopewa kama zawadi, na karatasi wanaziacha mezani. Hospitalini hakuna atakayekuuliza saa ya ukutani. Chukua pia cheti cha mwisho wa kazi, na weka vizuri namba yako ya CNSS, ndiyo INSS ya zamani iliyobadilishwa jina mwaka 2018. CNSS si ya pansioni tu, inashughulikia pia magonjwa yanayotokana na kazi, lakini lazima uonyeshe ulifanya kazi gani, wapi, miaka mingapi. Kama ndoa yenu haijaandikwa kwa serikali, iandikisheni sasa. Mjane asiye na karatasi anazunguka maofisi mpaka viatu vinatoboka. Na uliza mapema: je, hospitali ya kompani itaendelea kukupokea wewe na bibi? Kama sivyo, mtatibiwa wapi, na nani atalipa?

Tansioni haiumizi, ndiyo ubaya wake. Ikionekana mara kwa mara 14 kwa 9 au zaidi, mganga atakufuata, na akikupa dawa utameza kila siku, hata siku unayojisikia mzima. Chumvi isipite kijiko kimoja kidogo cha chai kwa mtu kwa siku, pamoja na ile iliyo ndani ya makayabu. Mama, loweka makayabu usiku kucha, umwage maji.

Shamba ni jambo zuri. Lakini dereva aliyekaa kwenye kiti miaka 20 hana mgongo wa mkulima! Akiona mvua ya Novemba anataka kumaliza hekta nzima kwa juma moja, na juma la pili tunamwona kwetu ameinama. Lima asubuhi, saa moja au mbili tu mwanzoni, na beba maji ya kunywa.

Habari ya pesa si ya ukurasa huu, ila inaingia mwilini. Wazee wa hapa wanakumbuka miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka Gécamines katika mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Pesa ilikuja mara moja, na nyumba nyingi hazikuiona muda mrefu. Kabla ya kununua gari la biashara, kaa na bibi, hesabuni kwanza unga, shule ya watoto na dawa za mwaka mzima.

Bibi mwenyewe, je? Miaka yote aliongoza nyumba wewe ukiwa kazini. Sasa unakaa mlangoni unahesabu vikombe vya unga na kumuuliza kila anapotoka. Yeye si mfanyakazi wako, na wewe si kapita wake. Mimi ni kijana mbele ya wengi wenu, lakini hayo nayasikia kwa wamama wanaokuja kupima tansioni yao, ambayo nayo imepanda tangu mzee arudi nyumbani. Tafuta kazi yako mwenyewe ndani ya uwanja: rekebisha paa, fuga kuku, fundisha mjukuu hesabu.

Wenye kubakiza mwaka mmoja kazini, njooni dispensari mapema, mje na bibi zenu. Tutawapima wote wawili tansioni, sukari na macho.