Leseni ya kiwanda ni kinga ya jirani

Mama mmoja wa hapa Turbo alinijia kliniki na wanawe wawili. Watoto walikuwa wakikohoa na macho yakiwawasha kwa muda wa wiki tatu. Nilikuwa karibu kuandika dawa ya kifua nilipomwuliza, "Mama, nyumbani mnapikia nini?"

"Kuni, daktari. Tunanunua vipande vya nguzo. Ni vikavu na bei yake ni nafuu kuliko makaa."

"Vina rangi gani?"

"Vya kijani-kijani hivi."

Nilimwomba asivipikie tena hata siku moja. Akaniuliza swali ambalo nitalirudia mwishoni mwa makala haya: "Sasa daktari, nivipeleke wapi?"

Msomaji, kama unakaa Eldoret, Turbo au mji wowote wenye viwanda, jambo hili linakuhusu. Watu wengi hudhani kwamba vibali vya mazingira ni mambo ya mawakili na wenye viwanda. Sisi madaktari tunajua kwamba kibali kisipofuatwa, jirani wa kiwanda ndiye anayeishia kwenye foleni ya hospitali.

RANGI YA KIJANI

Sehemu zetu zina misitu ya kupandwa, na mikaratusi hukatwa kwa ajili ya nguzo za umeme na za ua. Nguzo isiliwe na mchwa, hutiwa dawa. Dawa itumiwayo sana ina shaba, kromiamu na aseniki. Nguzo huingizwa katika tangi refu la chuma, hewa hutolewa, kisha dawa husukumwa kwa nguvu mpaka ndani ya mti. Rangi ya kijani inayobaki ni alama yake.

Nguzo iliyosimama shambani haimdhuru mpita njia. Hatari iko mahali pawili. Kwanza ni kiwandani, ambako nguzo zinapotolewa tangini hudondosha dawa. Ikiwa sakafu si ya saruji, haina paa wala mfereji wa kurudisha dawa tangini, ardhi huinywa, na mvua huipeleka kwenye visima. Pili ni jikoni. Vipande vikichomwa, sehemu ya aseniki hutoka na moshi na nyingine hubaki katika majivu. Majivu hayo ndiyo tunayosugulia sufuria, na wengine huyachuja wapate maji ya kulainishia mboga.

Aseniki haina ladha wala harufu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Chemsha maji mpaka yapungue na sumu itabaki ileile katika maji machache zaidi. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliruhusu miligramu 0.01 tu kwa lita katika chanzo cha maji ya nyumbani. Maana yake ni kwamba gramu moja inatosha kufikisha lita 100,000, yaani malori kumi ya maji ya lita 10,000 kila moja, kwenye mpaka huo.

Anayeinywa kidogo kidogo kwa miaka huanza kuona madoa ya ngozi, kisha viganja na nyayo kuwa ngumu na zenye vinundu, na ganzi miguuni. Baadaye huweza kupata saratani ya ngozi, ya kibofu au ya mapafu. Marekani na nchi za Ulaya ziliacha kutumia dawa hii kwa mbao za nyumbani kuanzia mwaka 2004.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, iliyorekebishwa 2015, inataka tathmini ya athari ifanywe kabla jiwe la msingi halijawekwa. Mwenye mradi humwajiri mtaalamu aliyesajiliwa, ripoti hupelekwa kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, na majirani huulizwa maoni. Kiwanda kikikubaliwa hupewa leseni yenye masharti.

Kazi haiishi hapo. Kiwanda kinachomwaga maji taka mtoni kinahitaji leseni nyingine ya kumwaga maji hayo, na vipimo lazima vifuatwe: kwa mfano, kanuni za mwaka 2006 zilitaka uchafu unaoelea usizidi miligramu 30 kwa lita. Kila mwaka kiwanda hutakiwa kujikagua na kupeleka ripoti. Taka za sumu lazima zibebwe na kutupwa na mwenye leseni ya kazi hiyo. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali pa kazi pasajiliwe na wafanyakazi walindwe.

Sisi wa Turbo tuna sababu zaidi ya kujali. Mto Sosiani hupita katikati ya Eldoret, huteremka upande wetu, na maji yake huingia Kipkaren na Nzoia mpaka Ziwa Victoria. Kinachomwagwa juu hunywewa chini.

FUNZO LA MOMBASA

Kuwa na karatasi peke yake hakutoshi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilieneza risasi katika hewa, udongo na maji hadi kilipofungwa mwaka 2014. Damu ya watoto ilikutwa na risasi. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ilizunguka katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirudisha hukumu hiyo.

Jambo la kuangaliwa ni jinsi mahakama ilivyogawa lawama. Sehemu kubwa kuliko zote, asilimia 40, iliwekwa juu ya NEMA yenyewe. Mkaguzi asiyekagua naye ana deni. Lakini hakuna fidia inayotoa risasi katika ubongo wa mtoto uliokwisha kuathirika.

UFANYE NINI?

Mwenye kiwanda: soma masharti ya leseni yako pamoja na msimamizi wa sakafu, si na wakili peke yake. Sakafu ya saruji na paa ni rahisi kuliko kesi ya miaka kumi.

Mfanyakazi: dai glavu, buti na nguo za kazi, na uziache kiwandani. Usile wala kuvuta sigara mikono ikiwa na dawa. Mwambie daktari kazi unayofanya.

Jirani: ukiona tangazo la mradi gazetini, peleka maoni kabla muda uliotajwa haujaisha. Kama kisima chako kiko chini ya kiwanda, kipimwe madini, si vijidudu tu. Malalamiko yapeleke kwa maandishi katika ofisi ya NEMA ya kaunti, ubaki na nakala. Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba umekwisha kuumia.

Nyumbani: usipikie mbao za kijani, wala usitumie majivu yake kwa lolote.

Yule mama alirudi baada ya mwezi. Alikuwa amebadilisha kuni, na kikohozi cha watoto kilikuwa kimetulia. Vile vipande alikuwa amevirundika nyuma ya nyumba, bado akingoja jibu la swali lake. Nilimwambia ukweli: mabaki hayo ni taka ya sumu, na aliyepaswa kuyashughulikia ni kiwanda kilichoyatoa, kwa mujibu wa leseni yake. Hayakupaswa kuuzwa kamwe, wala kufika jikoni kwake.