Mpenda Muziki Atakula Nini?

Wazee wengi, wakisikia kijana asema ataka kuishi kwa muziki, hudhani mara moja kwamba amekwisha potea. Humwona tayari yuko kilabuni usiku, gita mkononi, hana hata nauli ya kurudia kwao. Wazee hawa hawasemi uwongo mtupu, kwa maana waimbaji wapatao fedha nyingi ni wachache sana. Lakini wanakosea wakidhani kwamba kazi ya muziki ni kuimba tu mbele ya watu.

Hebu tumtazame Evaristo Muyinda. Mtu huyu alikuwa mpigaji wa Kabaka wa Buganda, kisha akaajiriwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala, zamani za Klaus Wachsmann, aliyelisimamia jumba hilo tangu mwaka 1948 hata 1957. Kazi yake ilikuwa kuwapigia wageni vyombo vilivyowekwa humo, wapate kuvisikia wala si kuviona tu. Basi ujuzi ambao wengine huuita mchezo ulimpa mtu mshahara.

Kazi nyingine ambayo vijana hawaitazami ni ufundi wa vyombo vyenyewe. Chukua amadinda, yaani marimba ya Buganda yenye mbao 12. Hupigwa na watu watatu: wawili huketi wakitazamana, na kila mmoja hutia sauti zake katikati ya sauti za mwenziwe, wa tatu hupiga mbao mbili ndogo za mwisho. Ubao mmoja ukipotoka, wimbo wote waharibika. Fundi akitaka kuishusha sauti ya ubao, huuchonga chini, katikati. Akitaka kuipandisha, huuchonga kwenye ncha. Tena hawezi kupima sauti zake kwa piano, maana katika muziki wa Kiganda sauti ni tano, nazo zimeachana kwa nafasi zinazokaribia kulingana. Kipimo chake ni sikio, na sikio hilo halipatikani ila kwa kukaa miaka karibu na fundi mzee. Mafundi wazee wakifa bila wanafunzi, ni nani atakayezichonga mbao hizo? Mimi naona hapa pana kazi inayomngoja mtu.

Piano nayo yataka fundi wake. Ina vidude 88 vya kupigia, lakini nyuzi zake za chuma zapita 200, kwa kuwa sauti nyingi zina nyuzi mbili au tatu kila moja. Masika yakiingia mbao huvimba kwa unyevu, kiangazi hukauka, na nyuzi hupoteza sauti zake. Makanisa, shule na hoteli zenye piano haziwezi kujitengenezea. Fundi huyu si lazima awe mpigaji hodari.

Ualimu twaujua sote, na bendi za polisi na jeshi tumeziona zikipita siku za sikukuu, basi sitazieleza sana. Anayeingia huko akumbuke tu kwamba ni askari kwanza, mpiga tarumbeta baadaye. Pia wako mafundi wa sauti katika redio na studio, ambao msikilizaji hawajui ila siku ile maikrofoni inapolia vibaya!

Sasa nije kwa watungaji, kwani hapa ndipo wengi huumia. George Kakoma, mwalimu wa muziki, alitunga wimbo wa taifa wa Uganda mwaka 1962. Wimbo huo huimbwa kila mahali nchini, hata shuleni. Lakini katika uzee wake ilimbidi aishitaki serikali akidai malipo ya haki ya mtungaji, naye alifariki mwaka 2012. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 ilimpa mtungaji haki ya kufaidika na kazi yake maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kufa kwake. Hata hivyo, wimbo uliotungwa kwa agizo la mwajiri aghalabu huwa mali ya mwajiri, isipokuwa wamepatana vingine. Kwa hiyo mtungaji asitie sahihi karatasi asiyoielewa, hata kama fedha zimewekwa mezani na njaa inamuuma. Kama hana wakili, na amsomee mwalimu wake.

Makerere na Kyambogo hufundisha muziki. Anayetaka kwenda huko aanze sasa kusoma nota, wala asiidharau fizikia, maana fundi wa sauti asiyejua mawimbi hukisia tu. Klabu ya muziki ya shule yatosha kuanzia, hata kama ina ngoma mbili na kinanda kibovu. Pengine kinanda kile kibovu ndicho kitakachomfaa zaidi, akiruhusiwa kukifungua.