Kununua Ardhi ya Kijiji: Maamuzi ya Mahakama Ambayo Mnunuzi Anapaswa Kuyafahamu

Kijiji cha Kagunga kipo kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Mfanyabiashara wa dagaa anayefika huko kwa boti hutamani kuwa na ghala karibu na mwalo, na mwenyeji mwenye kiwanja hutamani fedha taslimu. Mara nyingi dalali huwakutanisha, karatasi huandikwa, mashahidi wawili hutia saini, na fedha hukabidhiwa siku hiyo hiyo. Katika sura hii tunaeleza kwa nini karatasi hiyo peke yake haimfanyi mnunuzi kuwa mmiliki, na ni maamuzi gani ya mahakama yaliyokwisha kulimaliza jambo hilo.

Maamuzi ya mahakama yanamhusuje mnunuzi?

Sheria inayotungwa na Bunge haiwezi kutaja kila hali itakayotokea. Panapotokea mgogoro, mahakama hueleza maana ya sheria katika hali hiyo. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979, huzifunga mahakama na mabaraza yote yaliyo chini yake. Kwa hiyo shauri lililoanzia mkoa mwingine kabisa laweza kuamua hatima ya kiwanja cha Kagunga, ingawa wahusika wake hawajawahi kuliona ziwa hili. Dalali anayewashauri wateja wake bila kuyajua maamuzi hayo huwaingiza katika hasara, hata kama nia yake ni njema.

Haki ya kimila ni mali kamili

Wapo wanaodhani kwamba ardhi isiyo na hati haina mwenyewe. Katika shauri la Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, lililoamuliwa mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya kuitumia ardhi kwa mujibu wa mila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba mtu hawezi kunyang'anywa mali hiyo bila fidia ya haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, imeweka bayana kwamba haki miliki ya kimila ina hadhi sawa na haki miliki inayotolewa na Serikali.

Mnunuzi na apate funzo hapo: shamba linaloonekana kuwa pori laweza kuwa mali ya ukoo au ya mtu aliyesafiri. Ukimya wa mwenyewe si ruhusa ya kuuza. Sheria ya ukomo humpa mwenye haki miaka 12 ya kudai ardhi yake.

Asiyemiliki hana cha kuuza

Katika shauri la Farah Mohamed dhidi ya Fatuma Abdallah, lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1992, Mahakama Kuu ilieleza kwamba mtu asiye na haki juu ya ardhi hawezi kumpa mwingine haki hiyo. Kanuni hii haijali kama mnunuzi alidanganywa au kama alilipa bei kamili. Ndugu mmoja akiuza shamba la urithi ambalo bado ni la warithi wote, aliyenunua hupata kile tu ambacho muuzaji alikuwa nacho. Vivyo hivyo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake.

Bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji, hakuna mauzo

Hapa ndipo wengi huanguka. Katika shauri la Methuselah Paul Nyagwaswa dhidi ya Christopher Mbote Nyirabu, lililochapishwa katika ripoti za mwaka 1985, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yaliyofanyika bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji ni batili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji nayo imeweka sharti la idhini hiyo katika uhamishaji wa haki miliki ya kimila.

Tunasisitiza neno "Halmashauri". Mwenyekiti wa kitongoji si Halmashauri. Mwenyekiti wa kijiji akiwa peke yake, hata akigonga mhuri, si Halmashauri. Idhini hutolewa katika kikao, na ushahidi wake ni muhtasari wa kikao hicho. Pale ambapo kijiji chenyewe kinagawa ardhi, idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji huhitajika pia kabla ya ugawaji.

Mauzo yakiwa batili, mnunuzi ana haki ya kudai arudishiwe fedha. Lakini muuzaji aliyekwisha zitumia, au aliyevuka mpaka, hapatikani kwa urahisi. Haki hubaki kwenye hukumu na fedha zimekwenda.

Mambo mawili mahususi kwa wakazi wa ufukoni na mpakani

Kwanza, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kiwanja kinachosifiwa kwa kuwa "majini kabisa" huenda kisiruhusiwe kujengwa. Pili, asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi Tanzania isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji na kwa utaratibu wake maalumu. Mgeni anayenunua kwa jina la rafiki yake Mtanzania asitegemee kwamba karatasi yao ya siri itamlinda.

Mgogoro ukitokea

Shauri la ardhi ya kijiji laweza kuanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo husuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, halitoi hukumu. Kazi yake ni usuluhishi. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila suluhu. Asiyeridhika na uamuzi wa Baraza la Wilaya hukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45, kisha Mahakama ya Rufani. Mwaka 2021 pia Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya mahakama, hivyo mwananchi ana haki ya kutarajia kuelewa kinachosemwa juu ya mali yake.

Kabla ya kutoa fedha

1. Fika kwenye ardhi yenyewe na uwaulize majirani wa pande zote nne juu ya mipaka na mwenye ardhi.
2. Onana na mwenza wa muuzaji na, ikiwa ni urithi, na warithi wenzake. Saini zao ziwepo kwenye mkataba.
3. Kagua daftari la ardhi la kijiji kwa Mtendaji wa Kijiji.
4. Omba idhini ya Halmashauri ya Kijiji na upewe nakala ya muhtasari wa kikao.
5. Pima umbali kutoka ukingo wa ziwa.
6. Lipa baada ya idhini, wala si kabla yake, na utunze stakabadhi.

Muuzaji akikuambia kwamba kikao kitafuata baadaye, subiri kikao. Boti ya kurudi Kigoma ipo kesho pia.