Mzazi Anapoongoza Kikosi cha Wasichana Skauti

Skauti ya wasichana ilianza Uingereza mwaka 1910, mwaka uleule ulipoanzishwa mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Nchini Kongo inasimamiwa na chama cha Guides de la République Démocratique du Congo. Mzazi anayetaka kuongoza kikosi hujiandikisha kwanza katika chama na kupata mafunzo, kabla ya kukabidhiwa mtoto wa mwenzake.

Msingi wa skauti ni kundi dogo, kwa kawaida wasichana sita hadi wanane, lenye kiongozi wake miongoni mwao. Hapo ndipo wazazi hukwama. Siku ya kupika, kiongozi wa kundi ndiye anayesema nani alete makala, nani awashe mbabula, nani asonge bukari. Mama aliyesimama kando huona moshi ukizidi na unga ukifanya madonge, mkono ukamwasha achukue mwiko. Asiuchukue. Kazi yake ni kuangalia moto usimuunguze mtoto. Bukari yenye madonge italiwa, na Jumamosi ijayo wenyewe watajua maji yachemke kiasi gani.

Binti wa kiongozi ana mtihani wake. Akipendelewa, wenzake humchukia. Akikaripiwa kuliko wote ili mama aonekane wa haki, anaonewa. Ni bora awekwe chini ya kiongozi mwingine, na ya nyumbani yabaki nyumbani.

Kuhusu ulinzi hakuna mjadala. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kwa hiyo watu wazima wawe wawili au zaidi kila mkutano, asiwepo anayejifungia na msichana mmoja wala kuandikiana naye kwa siri kwenye simu, na wanaume wasilale walipolala wasichana. Wasichana wakubwa watayarishiwe vitambaa au pedi na mahali pa faragha pa kuogea, na jambo hilo lizungumzwe bila aibu.

Kambi hufaa wakati wa kiangazi, likizo ya Julai na Agosti, lakini usiku wa Julai Lubumbashi una baridi kali. Fomu ya ruhusa iulize wazi kama mtoto ana SS, yaani ugonjwa wa selimundu, kwa kuwa baridi, uchovu na kukosa maji huweza kumletea maumivu makali. Mtoto huyo asiachwe nyumbani. Apewe blanketi la ziada, anywe maji mara kwa mara, apumzike anapochoka, na namba ya simu ya mzazi wake iwe karibu.

Mji huu umeyeyusha shaba zaidi ya miaka 100, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta kobalti na madini mengine kwa wingi katika miili ya wakazi. Michezo isifanyike karibu na lundo la mabaki ya kiwanda wala kwenye vumbi la migodi, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Michango iandikwe katika daftari ambalo kila mzazi anaweza kulisoma, na asiye na sare asirudishwe nyumbani.

Mzazi asiyeweza kufika kila juma asichukue uongozi. Aombe kubeba maji, kushona sare au kusindikiza matembezi. Vikosi vinawahitaji sana watu wa namna hiyo.