Fahamu: Asili ya video za muziki

Wengi hudhani kwamba video za muziki zilizaliwa tarehe 1 Agosti 1981, siku ile stesheni ya televisheni ya MTV ilipofunguliwa Marekani; lakini hakika ya mambo ni kwamba tangu miaka ya 1940, katika mikahawa na vilabu vya nchi hiyo hiyo, palikuwapo masanduku yaliyomwonyesha kila aliyetia sarafu filamu fupi za waimbaji. MTV iliieneza sanaa hiyo, na mwaka 1983 Michael Jackson, kwa "Thriller" yake ya takriban dakika 14, akabainisha kuwa wimbo waweza kusimuliwa kama hadithi kamili. Ilipodhihiri YouTube mwaka 2005, mtazamaji hakulazimika tena kuingojea ratiba ya stesheni: wimbo alioutamani aliufungua mwenyewe, saa aipendayo.