Je, Wajua? Hewa Haikai Bure Mkoani Mara

Gesi hatuzioni, ila kazi yake tunaiona juu ya paa, jikoni na mgodini. Hizi hapa habari saba za kumsimulia jirani yako, awe Tarime au Mugumu.

1. Kuna madini yanayoitwa kwa jina la Nyerere
Mtoto wa Butiama ana madini yake: nyerereiti. Yamo kwenye lava ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, ambayo hutoka na joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, wakati ile ya Hawaii hupita 1,100. Hutoka nyeusi kama lami, hunywa unyevu wa hewani, na baada ya siku moja au mbili ni nyeupe kama chumvi. Majivu ya volkano za upande huo ndiyo yaliyorutubisha nyanda za kusini mwa Serengeti, ambako nyumbu huenda kuzalia.

2. Bati jipya hujishonea koti
Likiezekwa leo humulika mpaka kilima cha pili; muda ukipita linafubaa, nasi tunadhani limechakaa. Kumbe ndiyo kwanza limevaa! Zinki iliyopakwa juu ya chuma hushikana na oksijeni, kisha unyevu, kisha kaboni dayoksaidi, hadi unatanda utando wa kijivu mwembamba kuliko unywele. Utando huo ndio unaochelewesha kutu. Ukilisugua ling'ae tena, umelivua nguo.

3. Moto wa bluu jikoni ni sumu inayoungua
Tazama jiko la mkaa likikolea usiku: vindimi vya bluu vinacheza juu ya makaa mekundu. Oksijeni inayoingia chini hugeuka kaboni dayoksaidi. Nayo ikipenya kwenye makaa ya juu hugeuka kaboni monoksaidi, na hiyo ndiyo inayowaka bluu. Isipoungua yote hujaa chumbani bila harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Baridi ya Tarime isikudanganye ukalala na jiko ndani, mlango umefungwa.

4. Sumu hiyohiyo ilitupa jembe
Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, lakini kaboni monoksaidi huanza kunyang'anya mawe ya chuma oksijeni yake kabla moto haujafika hata 1,000. Wahunzi wa Buhaya, ng'ambo ya Ziwa Victoria, walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba tanuri za huko zina umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Mkaa, udongo na mivuo, basi!

5. Dhahabu ya Nyamongo haili kutu, ila ina udhaifu wake
Fukia pete ya dhahabu miaka 1,000, itatoka inang'aa. Oksijeni peke yake haiiwezi. Mpe oksijeni mwenzake, sianidi, na dhahabu inapotelea majini kama sukari kwenye chai, ingawa polepole. Ujanja huo ulibuniwa Glasgow mwaka 1887. Ndiyo maana matangi ya kuchenjulia dhahabu kwa sianidi hupulizwa hewa au oksijeni: ikipungua, dhahabu nyingi inabaki kwenye mawe.

6. Jiwe linaweza kutoa maji ya betri
Pairaiti, jiwe la manjano linalowapumbaza wachimbaji wageni, hukaa ardhini mamilioni ya miaka bila neno. Likitolewa nje likakutana na oksijeni na mvua, huzaa asidi ya salfuriki, ileile ya betri ya gari. Kulisaga ndiko kulichokoza: jiwe la mita moja kila upande lina uso wa mita za mraba 6, likatekate punje za milimita moja, uso unafika mita za mraba 6,000, shamba la ekari moja na nusu. Ukiona kijito cha rangi ya chungwa chini ya kifusi cha mgodi, usinyweshe ng'ombe.

7. Mbolea ni hewa iliyonaswa na chuma
Asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuila ikiwa gesi. Kiwandani hupitishwa juu ya punje za chuma: inanata, inapasuka vipande viwili, kisha kila kipande kinaokota hidrojeni moja, ya pili, ya tatu. Hiyo ni amonia. Gerhard Ertl wa Ujerumani alizionyesha hatua hizo moja baada ya nyingine, na habari ya kushinda tuzo ya Nobel ya kemia ikamfikia tarehe 10 Oktoba 2007, siku aliyotimiza miaka 71. Mfuko wa yurea wa kilo 50 unaoufunga kwenye bodaboda una kilo 23 za nitrojeni hiyo. Hewa, na bado inakulemea!